Madole Sitini na Matatu ya Shika Adabu

Jumatatu, 2 Aprili 1962

Nimerudi Likoni. Likizo ndefu. Kazi nimepata, na si ya kupima vitambaa dukani kwa Baba. Alhamdulillahi.

Nieleze vizuri, maana huenda shajara hii ikasomwa na watu nikishakuwa mtu mkubwa. Tumechaguliwa wanafunzi wawili kutoka chuo cha Kampala tufanye mafunzo ya wiki tatu chini ya Daktari Hallam, mama wa Kizungu mwenye mvi na viatu vya kiume. Anachunguza ugonjwa wa safura, ule wa minyoo inayomaliza damu. Anataka tone moja la damu kutoka kidole cha mtu. Sisi hatumchomi mtu sindano. Kazi yetu ni adabu za utabibu, yaani kumwendea mtu kabla ya sindano, kumweleza na kumwomba ridhaa yake. Akikubali, anatia dole gumba kwenye fomu. Daktari anasema huko kwao Ulaya wakati wa vita kuna matabibu waliowafanyia watu mambo ya kutisha bila kuwauliza, na sasa kila mtafiti lazima ajifunze kuuliza.

Na mtaa aliotupangia kujifunzia adabu ni Shika Adabu. Nilicheka. Yeye hakucheka. Kiswahili chake ni cha kitabuni.

Mwenzangu ni Tsofa wa Mjambere. Mrefu, mpole, mtu wa kanisani, haongei mpaka aulizwe. Mwisho wa mafunzo mmoja wetu atapewa barua ya kwenda London mwaka mzima kuyasomea mambo haya. Mmoja tu.

Nimemwambia Mama kwamba ni mimi. Si uongo, nimewahi tu.

Jumatano, 4 Aprili

Mama amewaambia majirani. Majirani wamefikisha habari hadi Mtongwe. Leo Mama amenunua koti la baridi kwa baharia mmoja aliyestaafu. Jeusi, la sufu, linafika chini ya magoti, linanuka dawa ya nondo. Nimelazimishwa kulivaa mbele ya wageni saa nane mchana. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Bi Suad, rafiki wa Mama, alitokwa na machozi akasema Ulaya imenikaa. Baba aliinua uso kutoka kwenye jora la kitambaa cha marekani akauliza kama barua yenyewe imeshakuja. Nikasema inshallah.

Kwa hiyo si suala la masomo tena. Ni suala la koti.

Kazini, Daktari ametupa mambo manne ya kumwambia kila mtu. La kwanza, tutachukua nini. La pili, ni cha nini. La tatu, kwamba tone hilo halitamponya leo. La nne, kwamba anaweza kukataa, na akikataa hakuna atakayemchukia. Kisha mtu mwenyewe arudie yote kwa maneno yake. Hapo ndipo atie dole.

Mimi nimezaliwa dukani. Sijaona mwenye duka anayemwambia mteja kwamba si lazima anunue. La nne nimeliacha. La tatu nimelifupisha mpaka likaisha. Hadi adhuhuri nina fomu tisa. Tsofa ana moja, na amekaa nyumba hiyo hiyo tangu asubuhi, akipewa uji.

Ijumaa, 6 Aprili

Siku mbaya. Daktari amepita nyuma yangu, nyumba kwa nyumba, kuwauliza watu wangu tisa wameelewa nini. Huo si uungwana.

Mzee Nguma, msuka makuti, alisema ameelewa kwamba yule kijana wa dukani atamtibu mgongo, na kwamba Jumamosi atamletea mafuta ya kuchua. Jirani yake alisema alidhani ni kuandikisha kura. Wa tatu alisema hakuelewa kitu, ila kijana alikuwa na haraka akamwonea huruma. Fomu zote tisa zimechanwa mbele yangu.

Ile moja ya Tsofa? Ya mtu aliyekataa! Bibi mmoja aitwaye Kafedha. Tsofa ameandika kwa hati yake nzuri ya misheni: amekataa, na sababu yake ni hii. Daktari aliisoma kwa sauti. Akasema hiyo ndiyo fomu bora aliyoipata tangu afike pwani, kwa kuwa mtu akiweza kukataa ndipo tunajua ameulizwa kweli.

Nilingoja watoke nikaisoma mwenyewe. Bibi Kafedha anasema zamani alimpeleka mwanawe hospitali akiwa na homa. Walimchukua mlango wa mbele, yeye wakamwambia angoje nje. Walimpasua mtoto. Mtoto akafa. Mpaka leo hajui walikuwa wanatafuta nini. Hakuna aliyemuuliza wala aliyemwambia.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikakumbuka koti.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimepata njia. Nashangaa sikuiona mapema. Kama Daktari anataka watu waliokataa, nitamletea waliokataa. Tsofa analeta mmoja kwa siku mbili. Mimi nitaleta kumi kwa siku moja.

Leo niliyasema mambo yote manne bila kuacha hata moja, na ya ziada. Niliwaonyesha urefu wa sindano kwa mkono, hadi kwenye kiwiko. Nikawaambia damu inatiwa chupani, inakwenda Nairobi kwa treni, kisha kwa ndege, na hairudi. Nikawauliza: bila shaka hutaki, sivyo? Wakasema sivyo. Yaani hawataki. Kumi na wanne kabla ya alasiri! Na kila mmoja ana sababu nzuri, nyingine nimezitengeneza mwenyewe kidogo.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilisikia wanawake wawili bombani wakitaja mumiani. Sikujua wanazungumzia nini.

Jumatatu, 9 Aprili

Sasa najua wanazungumzia nini.

Shika Adabu nzima imefunga milango. Inasemekana kuna lori jeusi kutoka Changamwe linalozunguka kukamata watu wa kukamuliwa damu, na kwamba sindano yake ni ya urefu wa mkono, hadi kwenye kiwiko. Asubuhi lori la mafuta ya taa lilizuiwa barabarani, dereva akalazimishwa kufungua tangi ili wazee wanuse. Walinusa wote, kwa zamu. Mmoja alisema bado hajaridhika.

Mimi watoto wakiniona wanakimbia. Tsofa alipofika uani kwa Mzee Nguma alipokewa na mbwa.

Daktari alituita akauliza uvumi huu umeanzia wapi. Nilimwambia kwa masikitiko kwamba mambo ya mumiani ni maradhi ya zamani ya pwani, hayana mwanzo. Tsofa alinitazama. Anajua. Hakusema. Hilo liliniudhi kuliko kama angesema.

Fomu zangu kumi na nne Daktari amezitia kwenye bahasha ya peke yake, akaandika juu yake kwa wino mwekundu. Nimejaribu kusoma kichwa chini miguu juu, sikuweza.

Kisha habari yenyewe. Jumamosi hii, tarehe kumi na nne, meza na sindano zitawekwa kwenye chumba kikubwa cha skuli. Waliokubali watakuja wenyewe. Na atakuwepo Profesa kutoka London, mtu wa barua. Atachagua siku hiyo hiyo.

Mimi nina fomu sifuri. Tsofa ana sita, na mbwa.

Jumanne, 10 Aprili

Bi Mwanasaumu! Kwa nini sikumfikiria tangu mwanzo?

Hakuna harusi Likoni, hakuna hitima wala maulidi ya nyumbani ambayo hakualika yeye. Ndiyo kazi yake, miaka thelathini. Anavaa buibui lake, anashika mwavuli, anapita nyumba kwa nyumba, anabisha hodi na kuketi. Na hakuna mwanamke wa huku atakayemwambia Bi Mwanasaumu usoni kwamba haji. Kumkatalia yeye ni kumtukana mwenye shughuli, na watu hukumbuka. Mama bado hasalimiani sawasawa na jirani mmoja aliyekosa kuja hitima ya babu, mwaka wa arubaini na tisa.

Nilikwenda kwake baada ya alasiri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha jamvini. Nilimweleza mambo yote manne, nathibitisha hapa kwa maandishi kwamba nilimweleza. Alikuwa anatafuna tambuu. Nilipofika la tatu alinikatiza akasema, "Baba, maneno mengi huchosha wenye nyumba. N'achia mimi. Kwani ni siku gani, na ni wapi?" Nikamwambia Jumamosi, saa nne, skulini. Akauliza wanatakiwa wangapi. Nikasema wengi iwezekanavyo. Akaguna kwa furaha, akasema siku nyingi hajapata kazi ya namna hiyo.

Nimempa fomu, kisahani cha wino, na doti ya kanga kutoka dukani. Baba alikuwa msikitini. Sikumuuliza Bi Mwanasaumu atasema nini milangoni. Ni mtu mzima, anajua kazi yake.

Alhamisi, 12 Aprili

Fomu sitini na tatu.

Nimezihesabu mara nne. Madole sitini na matatu, meusi, mazuri, mengine yana alama ya halua. Kwa siku mbili, katika mvua ya masika! Nilipomuuliza kama kuna aliyesumbua, Bi Mwanasaumu alisema hakuna, isipokuwa mmoja aliyeuliza kama aweza kuja na shemeji zake.

Nimemkabidhi Daktari. Alizitazama muda mrefu. Akauliza kama kila mtu amerudia mambo yote kwa maneno yake mwenyewe. Nikasema amini usiamini, Daktari, watu wamefurahi. Hilo lilikuwa kweli.

Tsofa ana kumi na moja. Nimempa pole, nikamwambia na yeye siku yake itafika. Alinishukuru. Nadhani hakunielewa.

Nyumbani nimelivaa koti tena, kwa hiari yangu, mbele ya kioo.

Jumamosi, 14 Aprili

Naandika nikiwa stoo, nyuma ya magunia. Chakula sijaletewa.

Nianze mwanzo. Saa nne kasorobo walianza kufika. Niliwaona kwa mbali kwenye mvua, miavuli, mabuibui, na chini ya mabuibui kanga mpya. Walinukia udi. Nilifikiri, haya ndiyo maendeleo, mtu kujipamba kwa ajili ya sayansi. Kisha wakafika wapiga ngoma wawili. Kisha bibi mmoja akaja na watoto watano, na kila mtoto na sahani yake.

Profesa aliniambia amevutiwa. Ni mzee mwenye miwani minene. Aliuliza kama huku ni desturi kuja na ngoma. Nikasema tunazipenda sana tiba za kisasa.

Daktari alimwita wa kwanza, naye ni Bi Suad, yule aliyelilia koti. Akamkalisha, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni ameambiwa nini kabla ya kutia dole. Bi Suad alijibu taratibu, kila mtu akisikia. Ameambiwa Bi Salme, yaani Mama, ana shughuli ya kumuaga mwanawe Hamdun, yaani mimi, anayekwenda Ulaya. Chakula ni saa sita. Na dole walilotia ni la kuhesabia sahani, ili mpishi ajue mko wangapi.

Daktari akauliza: na damu? Bi Suad akauliza damu gani. "Hatukwambiwa damu," akasema. "Tumeambiwa pilau."

Hapo ndipo nesi alipofunua trei ya sindano. Alikuwa tayari tangu asubuhi, si kosa lake. Sauti moja nyuma ikasema mumiani.

Sitaki kuandika yaliyofuata. Madawati mawili yamevunjika. Mpiga ngoma alitoka kwa dirisha, ngoma ikabaki. Nilijaribu kuwatuliza kutoka juu ya kiti, lakini waliponiona mimi ndio wakazidi.

Ni Tsofa aliyekwenda akaufungua mlango wote, akauegemeza kwa jiwe. Akasema mlango uko wazi, na anayetaka kwenda aende, wala hataulizwa. Watu wakasimama palepale. Ukiambiwa unaweza kwenda huwa huna haraka tena, nimeliona hilo. Akayasema mambo manne kwa sauti yake ya chini, la nne akalisema mara mbili. Akasema wamedanganywa, na kwamba ni haki yao kukasirika. Hakutaja jina langu. Hakukuwa na haja, walishanitazama wote.

Wengi waliondoka. Kumi na tisa walibaki, wakauliza maswali, wakarudia kwa maneno yao, wakatoa vidole. Halafu akaingia Bibi Kafedha, yule aliyekataa. Alikuwa amesimama nje kwenye mvua akitazama. Alimwambia Tsofa kwamba mwaka huu ndipo mtu alipomuuliza kwa mara ya kwanza, na alipokataa akakubaliwa, akaachwa na amani yake. Sasa amekuja. Akanyoosha kidole. Daktari alilazimika kuvua miwani kuipangusa.

Mtu amekataa, hakushawishiwa na yeyote, na amekuja mwenyewe kwa miguu. Biashara ya namna hii sijapata kuiona.

Mama alifika saa tano, mtandio begani, analetwa na jirani aliyekuja kumlaumu kwa kumficha shughuli. Alisimama mlangoni. Aliwatazama watu, akanitazama mimi. Akasema tu, "Mwanangu, watu wameitwa kwa jina langu."

Kisha akageuka, akawafuata walioondoka, akawarudisha mmoja mmoja kutoka njiani. Gunia la mchele la mwezi mzima limefunguliwa. Mbuzi wa Baba wa Idi kubwa amechinjwa mwezi kabla ya siku yake. Majirani wamekuna nazi mpaka mikono ikawauma. Saa tisa na nusu watu wote wamekula uani kwetu, chini ya maturubai, pamoja na nesi. Profesa amekula sahani tatu na kuomba ukoko.

Mama hajanisemesha.

Jumapili, 15 Aprili

Barua ni ya Tsofa.

Alikuja jioni, baada ya kanisa, kuwaambia wazee wangu mwenyewe, ili wasisikie kwa watu. Aliamkia vizuri. Mama alimkaribisha kitini, akamletea chai na mahamri. Akamuuliza huko London kuna baridi kiasi gani. Tsofa akasema anasikia ni nyingi. Akamuuliza kama ana koti. Tsofa akasema hana, Mama, lakini Mungu yupo.

Mama akaenda chumbani. Nilijua.

Lilimkaa sawasawa. Mabega, mikono, kila kitu. Mimi mikono ilikuwa inanipita, sijawahi kuliandika hilo humu. Mama alilivuta kola akalinyoosha, akamwambia asiende kufa baridi ugenini, mama yake naye anamngoja Mjambere.

Nilitoka uani. Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa shajara ni yangu. Baba alinikuta huko, akasema duka linafunguliwa saa mbili.

Jumatano, 18 Aprili

Mambo yamegeuka! Daktari Hallam aliniita leo. Nilidhani ni kufukuzwa. Hapana.

Amesema bado zimebaki siku tatu za mafunzo, na hapendi mtu aondoke kwake bila kujifunza kitu. Akanirudishia orodha ya majina sitini na matatu. Anataka niende kila mlango, mimi mwenyewe, nimwambie mwenye nyumba kweli nilichofanya, nimwombe radhi, na nimweleze kwamba ana haki ya kutonisamehe. Atakayesamehe atie dole. Nikizileta hizo fomu Jumamosi ataniandikia na mimi barua. Si ya London, ni ya kuonyesha nimemaliza. Lakini barua ni barua, na mwakani kuna nafasi nyingine. Koti litanunuliwa jingine.

Nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Kwa kweli niliguswa. Niliondoka nikiwa nimeamua kuanza upya, kwa unyofu, mlango wa kwanza hadi wa mwisho.

Mlango wa kwanza ni wa nyumba ya Mzee Nguma, ambako mkewe alitia dole. Mvua ilikuwa kubwa. Mbwa alikuwa macho. Nikasimama barabarani nikapiga hesabu: milango sitini na mitatu, siku tatu, na kila mlango kuna mtu ananingoja na maneno yake. Haiwezekani kwa mtu mmoja. Hata Daktari mwenyewe asingeweza.

Nimetoka kwa Bi Mwanasaumu sasa hivi. Nimempa doti nyingine, ya rangi aipendayo. Nimemweleza mambo yote, polepole, mara hii sikuruka hata neno. Alisikiliza vizuri, na tambuu aliiweka kando. Amesema kuomba radhi ni jambo jema sana, na watu watafurahi, ila haifai kumwendea mtu mikono mitupu. Lazima pawe na kitu kidogo cha kula. Akauliza ni siku gani, na ni wapi.

Nikamwambia Jumamosi, nyumbani kwetu.

Akauliza kama na mara hii watatia dole. Nikasema ndiyo, tena wasisahau, ili Mama ajue wako wangapi.